Mtoto anang'ang'ania 989 ni kubwa kuliko 1,012

Pole mama, ila huyo mtoto wa darasa la tatu si mzito. Akisema "tisa inaipita moja" anaona tarakimu, hajaona nafasi yake. Weka mezani sarafu tisa za mia na noti moja ya elfu, mwulize ipi inanunua zaidi dukani. Atacheka mwenyewe. Kwa hiyo kwanza ahesabu tarakimu: yenye nne inaipita yenye tatu, hata ikianza na moja.

Kazi ipo tarakimu zikilingana idadi. Mwandikie urefu wa milima kwa mita, mamoja chini ya mamoja:

5,109 Rwenzori
5,895 Kilimanjaro
5,199 Kenya

Aanzie kushoto. Maelfu yote 5, asonge. Kwenye mamia 8 inajitenga, Kilimanjaro imeshinda, ifuteni. Mbili zilizobaki zina 1 na 1, asonge tena: makumi ni 0 na 9. Kenya ya pili. Ile 9 ya mwisho haina haja ya kuguswa. (Wengi huanzia kulia kwa mazoea ya kujumlisha, mwangalie hapo.)

Alama za < na > zisubiri wiki ijayo.