Anza na ra, ri, ru

Jumanne ile, kwenye mchezo wetu wa kutafuta maneno, R ilikuwa katikati. Kuizunguka: M, A, S, H, U, I. Niliziandika kwa chaki ya kukatia nguo kwenye kipande cha boksi, nikakitundika mlangoni mwa kibanda changu cha ushonaji, Barabara ya 12, Ngamiani, hapa Tanga. Kufika adhuhuri nilikuwa na maneno 26, na kola ya shati la mtu nimeipachika kinyume.

Mchezo huu aliniletea mtoto wa kaka yangu kwenye simu. Asili yake ni ya Kiingereza, unaitwa Spelling Bee. The New York Times walianza kuuchapa kwenye jarida lao mwaka 2014, na mwaka 2018 ukaingia mtandaoni. Unapewa herufi saba. Ile ya katikati haikosi kwenye neno lolote, neno lisipungue herufi nne, na herufi unairudia utakavyo. Neno la herufi nne ni pointi moja. Likizidi hapo unahesabu herufi zake. Lililotumia zote saba linaongezewa pointi saba. Kiingereza changu kinatosha kusoma maelekezo ya cherehani tu, siku ya tatu nikachoka. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu tuushone upya kwa Kiswahili."

"Shangazi, kwa Kiswahili utakuwa rahisi mno."

Thubutu! Sasa yeye ndiye mtunzi. Usiku hufungua kamusi akachagua neno lenye herufi saba tofauti, alfajiri ananitumia herufi hizo na idadi ya "saba zote" zilizomo. Jumanne aliandika: tatu.

Kwenye ule wa Kiingereza wanaikwepa S, maana ukiwa nayo kila jina linapata wingi wake na maneno yanazaana maradufu. Kwetu S haina kosa. Mkorofi wetu ni W: mbele inakupa wa- ya wingi, nyuma inakupa -wa ya kutendwa, boksi linajaa kabla kahawa haijapoa. Kwa hiyo W hatuiweki, na neno lazima liwe kwenye kamusi. Kitenzi kilichonyambuliwa tunakipokea, wingi hatuupokei. Mshahara unahesabiwa, mishahara hapana. Hata mfukoni ni hivyo hivyo.

Sasa namna ya kutafuta. Wengi wanaoanza huzikodolea herufi macho, wanazipanga na kuzipangua mpaka kichwa kinauma. Mimi wiki mbili za mwanzo nilifanya hivyo. Kiswahili hakikai kwenye herufi moja moja, kinakaa kwenye silabi, na silabi tulifundishwa darasa la kwanza kwa kuimba. Chukua vokali ulizopewa, uziimbe na kila konsonanti: ma mi mu, sa si su, ha hi hu, ra ri ru, na usisahau sha shi shu. Kumi na tano basi. Ziimbe kwa sauti, kwa sababu sikio linalijua neno kabla ya jicho. Mteja akikuona umerukwa na akili, shauri yake.

Kisha ishike silabi ya herufi ya katikati. Siku ile karibu kila neno lilikuwa na ra, ri au ru. Zipeleke mwisho kwanza. Ra: sura, ishara, hasara, hasira, hamira, imara, mshahara. Ri: umri, amri, siri, mahari, muhuri, msumari, hariri. Ru: amuru, ushuru, sururu. Zikikauka mwisho, zilete mbele na katikati: rahisi, ruhusa, harusi, haramu, surua. Shamrashamra ilinijia nikiwa nakanyaga pedali, na peke yake ina pointi 12. Mashua iliniuma, maana naiona kila nikienda ufukweni, lakini haina R.

Ukishapata neno usiliache uchi, livishe. I, S, H na A zikiwepo, una -isha mkononi: imara inazaa imarisha, rahisi inazaa rahisisha, halafu kuna ahirisha, na ile nyingine ya tumbo ambayo watoto wa jirani waliisoma kwa sauti na kukimbia. Upande wa mbele jaribu U na M. Mahiri, umahiri. Hariri, uhariri, mhariri. Shairi, ushairi, mshairi. Hapa ndipo maneno mengi yanapopatikana, na hapa ndipo nilipoteleza.

Saba zote mbili nilikuwa nazo mapema: mashuhuri na umashuhuri, pointi 16 na 17. Ya tatu ikagoma. Nilishona madera mawili, nikala, nikaswali, haikuja. Akaingia dada mmoja na kitambaa chake cha kitenge. "Fundi, naomba ushauri. Mikono niweke mirefu au mifupi?" Nikabaki na futi shingoni, nimeduwaa. Ondoa U, weka M. Mshauri! Herufi saba, kila moja mara moja, ndilo neno alilolichagua yule kijana usiku. Nilikuwa nimeandika mshairi tangu asubuhi, na jicho likishazoea neno moja linalipita jirani yake bila salamu. Siku hizi nikipata neno ninabadilisha vokali moja moja kabla sijaenda mbele. Dada nilimwambia mifupi, kwa joto hili la Tanga.

Mzee wa kahawa hupita baada ya Alasiri, akigonganisha vikombe. Alisoma boksi lote, akaweka birika chini, akaomba chaki. Akaandika: ASIMRUHUSU.

"Hesabu, bi mkubwa."

Nikahesabu. Zote saba zimo. Herufi kumi, pointi 17. Nikamwambia halimo kwenye kamusi, kwenye kamusi utakuta ruhusu tu. Hilo lake ni sentensi nzima, lina mwenye kukataza, na anayekatazwa, na kukataza kwenyewe.

"Kumbe sentensi nzima inashindwa na neno moja?" akauliza, akanimiminia kikombe na kuniwekea kashata.

Nikampigia mtunzi. Naye akasema halikubaliki, sheria ni sheria. Kisha akanyamaza. Kisha akasema, "Lakini shangazi, ni zuri."

Herufi za Jumatano niliziandika upande wa pili wa boksi.