Stika ya Kuongeza Mawimbi ya GPS

Swali: Ninapima mashamba ya iliki karibu na Amani, wilayani Muheza. Kifaa changu cha GPS cha mkononi kilikaa kabatini miezi minane. Sasa kinachelewa kupata setilaiti, na chini ya miti nukta zinahamahama. Fundi anasema mawimbi ni dhaifu, nibandike stika ya kuyaongezea nguvu. Ninunue?

Jibu: Usinunue, ndugu yangu. Mawimbi ya GPS ni dhaifu kwa kila mtu, maana yanatoka kwenye setilaiti zilizo juu yetu kiasi cha kilomita 20,200. Kipande cha plastiki chenye michirizi ya shaba, kisichounganishwa na antena wala kupata umeme, hakina nguvu ya kumwongezea mtu. Kikikaa juu ya antena kinaweza hata kuivuruga. Stika hizi naletewa kila mara, na inaniuma kuona wakulima wakizilipia.

Almanaka iliyomo kwenye kifaa chako, yaani ratiba ya setilaiti zote, imepitwa na wakati; setilaiti huitangaza upya kwa dakika 12 na nusu. Kiweke uwanjani penye anga wazi kwa dakika 20, bila kukizima na kukiwasha kila kinapochelewa, kwani kufanya hivyo hukatiza upokeaji uliokwisha kuanza.

Msituni tatizo ni jingine. Maji yaliyomo kwenye majani hufyonza mawimbi, na mvua ikishanyesha hali huwa mbaya zaidi. Vigogo na miteremko huyarudisha, yakafika yamechelewa, nacho kifaa kikadhani kiko mahali pengine. Mwili wako pia huyaziba ukikishika kifuani. Kiinue juu ya kichwa, tafuta mwanya kati ya miti, kisha chukua wastani wa vipimo vya dakika kadhaa.

Wapo pia wanaouza programu za simu za "kuongeza usahihi". Zilizo nzuri hufuta tu data ya zamani na kupakua mpya kwa intaneti. Nyingine hubadilisha tu tarakimu ya usahihi inayoonekana kwenye kioo. Hata tarakimu ya kifaa chenyewe, ile isemayo mita 3 au 5, ni makadirio, na mawimbi yaliyorudishwa na mti huweza kuidanganya. Nimeona majirani wakigombana kwa sababu mmoja wao alichimbia jiwe la mpaka kwa kuamini tarakimu hiyo. Kifaa cha mkononi kinatosha kukadiria ukubwa wa shamba. Jiwe la mpaka liwekwe na mpima ardhi aliyesajiliwa, mwenye vifaa vya kazi hiyo.