Jino bovu na mbio: usisubiri mashindano yapite

Mdogo wangu, umeuliza kama gego lililotoboka linaweza kukuangusha kwenye nusu marathoni, maana kocha anasema ni visingizio. Si visingizio hata kidogo. Kwenye Olimpiki ya London 2012, wanamichezo waliofika kliniki ya meno katika kijiji cha Olimpiki walifanyiwa utafiti: asilimia 55 walikuwa na meno yaliyooza, na asilimia 18 walisema hali ya kinywa imewaathiri mazoezini na mashindanoni.

Jino likiuma, usiku hulali, unatafunia upande mmoja na sahani unaiacha nusu. Asubuhi miguu itapata wapi nguvu? Tena wakimbiaji tunahema kwa mdomo, mate yanakauka, halafu tunapiga mafunda ya vinywaji vyenye sukari na tindikali njia nzima. Sukutua kwa maji kila ukinywa. Ukifika nyumbani usikimbilie mswaki, ngoja kama nusu saa.

Dawa za maumivu hazizibi tundu. Nenda kwa daktari wa meno wiki hii, umweleze na tarehe ya mbio. Shavu likivimba au homa ikipanda, acha mazoezi, nenda hospitali siku hiyohiyo.