Nyama ya Iddi kwa waliopoteza nyumba: ushauri wangu kutoka Uyole

Wiki iliyopita dada mmoja wa Ipogolo, Iringa, alinitumia ujumbe mrefu. Yeye na wenzake wamechangishana, wanataka kununua ng'ombe wa kuchinja Iddi kubwa na nyama waipeleke kwa familia ambazo nyumba zao zilianguka msimu wa mvua. Anauliza waanzie wapi. Nilimjibu kwa ufupi, lakini jambo lenyewe lina mengi, na najua wengi mnaonisoma mna nia kama yake.

Nianze na upande wa kupokea, maana huko ndiko nilikotangulia mimi.

Kabla sijahamia Mbeya nilikuwa nimepanga nyumba ya tofali mbichi. Mvua ikaangusha ukuta wa nyuma usiku, na karibu kila tulichokuwa nacho kikaharibika. Jamaa wakatuhifadhi, tukabanana chumba kimoja, na Iddi ya kuchinja ikatukuta humo. Wakaja wafadhili na gari. Wakatupanga mstari kando ya barabara, kila mmoja akakabidhiwa mfuko mweusi wa rambo, huku mwenye kamera akituambia, "Mama, nyanyua mfuko, angalia huku." Nikanyanyua, watoto wamening'ang'ania gauni. Ndani mlikuwa na mifupa ya miguu na utumbo ambao haujaoshwa. Sufuria sikuwa nayo. Mkaa sikuwa nao. Hata chumvi ilikuwa ya kuomba. Mwishowe nilimpa nyama ile mwenye chumba, akapika yeye, tukala tulichopewa. Mwaka uliofuata nikaiona picha yangu kwenye kalenda ya wale wafadhili, imetundikwa dukani, nimeshika mfuko. Nilisimama pale dukani nikashindwa hata kusema nilichofuata. Sijasahau mpaka leo, na kila ninapogawa nyama naikumbuka picha ile.

Ndiyo maana Aprili 2024, Mlima Kawetere ulipoporomoka na tope likafukia nyumba za watu Itezi, sikuweza kukaa kimya. Itezi na Uyole ninakoishi, hapa Mbeya, ni jirani. Siku za mwanzo misaada ilimiminika: unga, mablanketi, magodoro, viongozi, makanisa, misikiti. Lakini Iddi ya mwaka ule iliangukia katikati ya Juni, miezi miwili baadaye. Wakati huo magari ya misaada nilikuwa siyaoni tena. Na Juni ya Mbeya mnaijua, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Waliopoteza nyumba walikuwa wametawanyika, huyu kwa shemeji yake, yule kwenye chumba cha kupanga, na ukipita barabarani huwezi kumtambua nani aliporomokewa na nani hakuporomokewa.

Nikawaambia akina mama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa pale msikitini: mwaka huu nyama yetu iende huko. Wengi walikubali palepale. Mzee mmoja tunayemheshimu akapinga. Alisema waathirika wengi si Waislamu, na nyama ya udhiya, yaani ya mnyama wa kuchinja Iddi kubwa, haki yake ni Waislamu. Maneno yale yaliniuma, kwa sababu aliyasema mbele ya watu kana kwamba mimi nimeleta dini mpya. Hata hivyo tulikwenda kwa sheikh, na nawashauri nanyi mwende kwa wenu kabla ya kununua mnyama. Sheikh alitueleza kwamba wanazuoni wametofautiana. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu wengi huku, wapo wengi wanaozuia nyama ya udhiya kupewa asiye Muislamu. Madhehebu mengine yanaruhusu, na wanazuoni wengi wa leo wanaruhusu, hasa kwa jirani na mwenye shida. Akatukumbusha pia habari ya Abdallah bin Amr, swahaba wa Mtume, aliyechinjiwa mbuzi nyumbani kwake akawa anauliza tena na tena kama jirani yao Myahudi ameshapelekewa. Tukatoka pale na utaratibu: ng'ombe wa udhiya agawiwe kama sheikh alivyotuelekeza, na mbuzi wengine tuwanunue kwa nia ya sadaka ya kawaida, ambayo haina mjadala, impate yeyote mwenye shida. Yule mzee alichangia mbuzi. Sikumwambia neno.

Hapo hapo niseme kuhusu hesabu za kuchangishana, maana watu wanachanganya. Ng'ombe wa udhiya ni hisa za watu 7, basi. Mbuzi au kondoo ni wa mtu mmoja kwa niaba yake na watu wa nyumba yake. Mkichanga watu 10 ng'ombe mmoja mmetoa sadaka nzuri, lakini msiiite udhiya. Ng'ombe awe ametimiza miaka 2, asiwe chongo, asiwe kiwete, asiwe mgonjwa, asiwe amekonda mpaka mbavu zinahesabika. Mchinjaji alipwe fedha, asilipwe kwa nyama wala ngozi, na ngozi isiuzwe kufidia gharama. Sisi wanyama wetu tunawafuata kwa wafugaji wa Usangu mapema, kwa sababu ukisubiri wiki ya Iddi bei inapanda na unauziwa aliyedhoofu. Afisa mifugo aje akague. Ng'ombe wa maeneo yenye majaruba na mbuga za maji mara nyingi ini lake lina minyoo, na ini likikataliwa litupwe. Usimpe mwenye shida kitu ambacho wewe usingempikia mwanao.

Sasa ugawaji, na hapa ndipo watu wenye nia njema wanapoharibu.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Hajj ametaja watu wawili wa kulishwa nyama hizi: anayeomba, na yule aliyetulia kwake haombi. Foleni inamhudumia wa kwanza peke yake. Huyu wa pili lazima umfuate mlangoni. Sisi tulianza kwa mwenyekiti wa mtaa, akatupa orodha yake. Kisha tukakaa na akina mama wanaouza ndizi na mboga pale karibu, tukawauliza nani hayumo. Orodha ya pili ilitofautiana sana na ile ya ofisini. Mpangaji hakuandikwa kwa sababu nyumba si yake. Mjane aliyehamia kwa mwanawe hakuandikwa kwa sababu ameondoka mtaani. Kijana aliyekuwa amepanga chumba cha uani hakuna hata aliyejua jina lake kamili. Hao ndio wa kuwatafuta, jamani, na mkiishia kwenye orodha ya ofisini mtawakosa wote.

Bibi mmoja tuliyempata kwa njia hiyo ni Mmoravian, amezeeka, amejisitiri kwa mtoto wa dada yake. Nilipomkabidhi ndoo alifungua kifuniko akatazama ndani, akaniuliza kama nimekosea nyumba. Nikamwambia, "Hapana bibi, ni yako." Akasema, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaenda kuita majirani waje wachukue mchuzi jioni. Hakuwa na chakula cha kutosha yeye mwenyewe, na jambo la kwanza alilowaza ni kugawa. Tangu siku ile nikisikia mtu anasema waathirika wamezoea kupewa, namkatisha.

Nimesema ndoo. Plastiki ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019, na mifuko mbadala ikilowa damu inachanika njiani. Ndoo ndogo yenye kifuniko inabeba nyama, na baadaye inabaki kuchotea maji, kitu ambacho aliyefukiwa vyombo vyake anakihitaji sana. Ndani ya ndoo weka chumvi, mafuta, vitunguu, na mkaa kwenye kiroba pembeni. Nyama bila moto ni mzigo. Ng'ombe wa kienyeji wa saizi ya kati anaweza kutoa kilo 120 hivi za nyama na mifupa, maana yake nyumba 60 kwa kilo 2 kila moja. Ni bora nyumba 60 zipate mlo kamili kuliko nyumba 200 zipate vipande vya kuonja. Na changanya: steki, mifupa na maini kila ndoo, mama mmoja asimamie kazi hiyo toka mwanzo hadi mwisho. Msimpe mtu mmoja miguu na mwingine paja. Nimeshika mfuko wa miguu, najua unavyozungumza na moyo wa mtu.

Muulize mtu kabla hujampelekea. Wapo walokole ambao nyama ya Iddi hawaili kwa imani yao. Usinune, usibishane, mpelekee mchele na maharage kwa mikono miwili ileile.

Picha hapana. Kikundi kikitaka ushahidi wa matumizi, piga picha risiti za mnyama, za mkaa na za usafiri. Uso wa mtu aliyepoteza nyumba hauwi risiti yako. Mnaoandaa misafara ya kugawa, nawaomba kwa jina la Mungu mliache jambo hili. Sadaka inayomfanya mtu ainamishe kichwa mnaitaka ya nini? Mnamtolea nani? Tumeambiwa wazi kwamba nyama na damu hazimfikii Mwenyezi Mungu, kinachomfikia ni ucha Mungu wetu, na bado tunabeba kamera!

Kwa walio na nia ya kwenda Kyela, ambako mito ya Mbaka na Lufilyo ikifurika inaingia mashambani na majumbani, ushauri wangu ni tofauti kidogo. Usichinje Mbeya ukasafirisha nyama. Hapa Uyole nyama inakaa kutwa nzima kwa baridi, lakini ukishateremka Tukuyu kuelekea ziwani joto ni jingine kabisa. Peleka wanyama hai, na kibali cha kusafirisha mifugo mkononi, mchinje kule kule. Na baada ya mafuriko vyoo vimejaa na visima vimechafuka, kwa hiyo beba maji safi ya kuoshea au, bora zaidi, pikeni pilau hapo hapo watu wale likiwa la moto. Kipindupindu hakiangalii kwamba mmekuja kwa heri.

Jambo la mwisho ni siku yenyewe. Kuna mwaka watu walikuja Madina wakiwa na dhiki kubwa, Mtume akakataza nyama za udhiya kuwekwa zaidi ya siku tatu. Mwaka uliofuata, dhiki ilipopita, akaruhusu watu wale, walishe wengine na waweke akiba. Mwaka ambao jirani zako wamefukiwa na tope, friji yako haina haki ya kujaa. Lakini pia msirundike kila kitu siku ya kwanza. Tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, siku ya Iddi yenyewe, kila mtu anagawa, na nyumba moja inaletewa nyama na watu watatu. Kwa madhehebu yetu kuchinja kunaruhusiwa mpaka jua la tarehe 13 linapozama. Sisi Itezi tuligawa mafungu mawili, la kwanza siku ya Iddi na la pili tarehe 12, siku ambayo hakuna gari lingine lililopita. Ndoo za fungu la pili zilikwisha kabla ya saa kumi jioni, na akina mama wa kikundi wameshasema mwaka huu fungu kubwa liwe hilo.