Jibu: Madema ya kambakoche kisiwani Lewis

Ndugu, umeuliza mkulima mdogo wa Lewis, Uskoti, anategaje kambakoche na kwa nini shamba halimtoshi. La shamba ni fupi: sheria ya wakulima wadogo ya 1886 ilimlinda asifukuzwe, lakini haikumwongezea ardhi ya kutosha, na udongo wenyewe una asidi nyingi. Viazi, kondoo, kisha bahari.

Dema (mtego) la huko ni fremu ya chuma iliyovikwa wavu, lenye chumba cha pili ndani ili aliyeingia asirudi. Chambo ni samaki aliyetiwa chumvi. Kaa hupenda chambo kibichi, kambakoche hakatai kinachonuka. Madema hufungwa mfululizo kwenye kamba moja, kama pima 10 kati ya moja na jingine, boya kila mwisho. Ukiifanya kamba ya boya kuwa fupi mno, mkondo wa bamvua (maji makuu) utalizamisha boya usilione.

Hatari kubwa ni wakati wa kuyashusha madema majini: kitanzi cha kamba kikikamata mguu, uzito wote unakuvuta baharini. Kamba ikae nyuma ya ubao wa kuitenga na miguu yako, wewe mbele yake. Hili usilifanyie mzaha hata siku moja.

Pima kambakoche toka tundu la jicho hadi ukingo wa nyuma wa gamba la mgongoni. Mdogo arudi majini, na jike mwenye alama ya kukatwa mkiani pia. Funga magando kwa mpira, la sivyo watakatana. Sanduku la kuwahifadhi usilizamishe karibu na mdomo wa kijito: mvua ikinyesha, maji yasiyo na chumvi yatawaua wote.