Kwa watarajali wa wodi ya fistula: angalieni mpira wa mkojo

Jana kwenye raundi nilikuta shuka limelowa, mfuko unaopokea mkojo kutoka kwenye mpira wa kibofuni mkavu, na kwenye faili mtarajali kaandika "anaendelea vizuri". Kila kundi jipya likija nakutana na faili kama hilo. Wadogo zangu, kaeni kitako tuzungumze.

1. Kabla hujafikiria kisu, uliza mkojo unatoka wakati gani. Anayevujisha akikohoa, akicheka au akijitwika ndoo, shida yake ni mlango wa kibofu kulegea. Anayebanwa ghafla na kuchelewa chooni, kibofu chenyewe ndicho kinachojikaza. Huyo mazoezi na vidonge vikishindikana, kuna sindano ya botoksi (dawa ya kulegeza misuli) ndani ya kibofu, na ukimwekea utepe wa kushikilia njia ya mkojo unaweza kumwongezea taabu. Anayelowa mchana na usiku, akiwa amekaa au amelala, na alikaa na uchungu siku mbili kabla ya kujifungua, mtafutieni fistula, yaani tundu kati ya njia ya mkojo na uke: jaza kibofu rangi ya bluu, weka gozi tatu ukeni. Gozi ya juu ikilowa bila kuwa bluu, tundu liko kwenye ureta, mrija unaoleta mkojo kutoka figoni. Na mzee mwenye tezi dume iliyovimba anayelowesha godoro usiku, mpapase chini ya kitovu kwanza. Niliwahi kumpokea babu aliyeletwa na rufaa ya "kushindwa kuzuia mkojo", kibofu kimefika usawa wa kitovu. Mkojo ulikuwa unafurika tu. Tulipouondoa alilala usingizi mpaka mkewe akaja kuuliza kama yu hai.

2. Operesheni mnazijua: utepe chini ya urethra (mrija wa kutolea mkojo), Burch (kuinua shingo ya kibofu kwa nyuzi), utepe wa fasia, utando mgumu wa misuli, ya mgonjwa mwenyewe. Uingereza ilisitisha tepe na nyavu za plastiki ukeni Julai 2018 kwa sababu ya akina mama walioumizwa nazo, kwa hiyo mweleze mgonjwa, kwa lugha anayoielewa, kitu gani kitabaki mwilini mwake. Kwa aliyewahi kuwa na fistula, plastiki iacheni. Kovu lile haliivumilii, tumieni fasia. Kwa mwanamume aliyetolewa tezi dume kwa ajili ya saratani, mpe muda na mazoezi, wengi hukauka ndani ya mwaka. Akifikia kuwekewa sfinkta ya bandia, yaani pete ya kubana urethra, tazama mikono yake, maana pampu yake inakaa kwenye mfuko wa korodani na lazima aweze kuibonyeza mwenyewe.

3. Mpira. Nilikuwa mwezi wa tatu wa utarajali. Mama mmoja kijana, amelowa miaka 4, mume amekwisha ondoka, alikuwa ameshonwa tundu la sentimita 2. Bosi wangu alijaza rangi pale thieta na haikuvuja hata tone. Yule mama alipozinduka aliomba apapase shuka. Lilikuwa kavu. Siku nne zilizofuata alikuwa akilipapasa kila tukipita, na kutuonyesha kiganja.

Usiku wa tano zamu ilikuwa yangu. Saa saba sista akaniita: mama anaumwa tumbo la chini. Nilikuwa leba, nina mzazi anayetoka damu. Nikasema apewe dawa ya maumivu, nakuja. Damu ilikoma saa nane. Nikaenda kulala.

Saa kumi na moja alfajiri nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mkojo unadondoka sakafuni. Mpira ulikuwa umekunjika chini ya paja, na ndani yake kuna donge la damu. Mfuko ulikuwa na kiasi kilekile kilichoandikwa saa mbili usiku. Kibofu kilijaa mpaka nyuzi zikaachia. Akaniambia, "Daktari, nisamehe, nimelowesha kitanda."

Bosi alipouliza, nilisema mpira ulikuwa unatoa vizuri hadi alfajiri. Niliandika hivyo kwenye faili. Sista aliyeniita saa saba alikuwa amesimama pembeni, akanitazama, akanyamaza. Nilikaa na uongo ule siku mbili ndipo nikaenda kuukiri, kwa bosi kwanza, kisha kwa yule mama. Yeye aliuliza kitu kimoja tu: nitashonwa tena lini?

Baada ya miezi mitatu. Tundu lilifungwa, lakini akikohoa bado mkojo unatoka, kama inavyowapata wengi ambao tundu limezibika na urethra haina nguvu. Ushonaji wa kwanza ndio wenye nafasi kubwa kuliko yote ya kumkausha mtu. Mimi nilimpotezea.

4. Mengine: anywe maji mpaka mkojo uwe mweupe, mfuko uwe chini ya kitanda, mpira ufungwe pajani usivutike, na asiutoe mtu kabla ya siku iliyoandikwa na aliyeshona. Mfuko usipoongezeka kwa saa moja, nenda. Usitume mtu.

Yule wa jana tulisukuma maji ya chumvi mililita 20, taratibu, donge likatoka, mfuko ukaanza kujaa. Kama nyuzi zimeshika tutajua kwenye kipimo cha rangi. Atakayekuwa zamu usiku wa leo, nipigie saa saba uniambie ni mililita ngapi.