Re: Mbu wananimaliza nikipalilia bustani

Dadangu, umeuliza utapaliliaje hapo Shela bila kuliwa na mbu mchana kutwa. Hao wa mchana, wenye madoa meupe miguuni, ni aina ya mbu iitwayo Aedes. Hawatoki mbali, wamezaliwa uani kwako. Kwa hiyo anza na maji. Mimi nilifunua vifuu vya nazi nyuma ya jiko nikakuta viluwiluwi vinajipindapinda kwenye maji yasiyojaa kikombe! Vifuu vifukie, visahani vya vyungu vimwage, mapipa yafunike, na kila wiki uyasugue kwa ndani, maana mayai hugandia ukutani na hustahimili ukavu kwa miezi. Kwenye birika, yaani tangi la maji la nyumbani, weka samaki wadogo, kama walivyofanya wazee wetu. Usipuuze: homa ya chikungunya ya 2004 iliwalaza watu wengi sana hapa Lamu, na walioisambaza ni mbu hawa hawa.

Ukiingia bustanini vaa mikono mirefu ya rangi nyepesi, upake dawa ya kufukuza mbu yenye DEET asilimia 20 hadi 30, hasa vifundoni. Moshi wa mwarobaini husaidia kidogo, lakini kusi ikivuma huondoka nao.